Bastola kibindoni baada ya kustaafu: Sheria ya Marekani na kadi inayozua mizozo

AFISA wa polisi anapostaafu nchini Marekani hurudisha redio, gari na silaha aliyokabidhiwa na idara yake, kisha huagwa na wenzake kwa shukrani na picha za ukumbusho. Hata hivyo, watu aliowatia mbaroni kwa miaka 20 au 25 hawastaafu pamoja naye. Wengi wao humaliza vifungo vyao na kurejea mitaani, na huenda akakutana nao dukani au katika kituo cha petroli akiwa na jamaa zake. Wahenga walinena kwamba mwenye kovu usidhani kapoa.

Hofu hiyo ndiyo iliyozaa sheria inayomruhusu polisi aliyeacha kazi kubeba bastola iliyofichwa chini ya nguo katika jimbo lolote la Marekani, bila kuomba leseni ya jimbo hilo. Sheria hiyo hufahamika kwa kifupi kama LEOSA, na ilitiwa sahihi na Rais George W. Bush mnamo Julai 22, 2004. Zaidi ya miaka 20 baadaye, bado inazua mizozo mahakamani na Bungeni. Jambo la kushangaza ni kwamba sehemu kubwa ya mizozo hiyo haihusu bastola yenyewe. Inahusu kadi ndogo ya kitambulisho: ni nani anayestahili kuipata, na ni nani mwenye wajibu wa kuitoa.

Hali ilivyokuwa kabla ya 2004

Ili kuelewa uzito wa sheria hii, ni lazima kwanza mtu afahamu jinsi Marekani inavyotawaliwa. Taifa hilo lina majimbo 50, na kila jimbo hutunga sheria zake kuhusu silaha. Kuna majimbo ambayo humruhusu raia kubeba bastola bila leseni yoyote, na mengine, kama vile New York na New Jersey, yana masharti makali mno. Leseni iliyotolewa katika jimbo moja si lazima itambuliwe katika jimbo jirani.

Aidha, Marekani haina kikosi kimoja cha polisi wa taifa. Ina takriban idara 18,000 za ulinzi wa sheria, kuanzia zile za miji mikubwa yenye maelfu ya maafisa hadi za vijiji vyenye maafisa wasiozidi watano. Mamlaka ya afisa wa mji mmoja kwa kawaida hukomea mpakani mwa eneo lake.

Matokeo yake yalikuwa kwamba afisa aliyeendesha gari kutoka Pennsylvania hadi New York kumtembelea bintiye angeweza kukamatwa kwa kosa la kuwa na silaha bila leseni, hata kama alikuwa amehudumu kwa miaka 30 bila doa lolote. Mlinzi wa sheria wa jana angegeuka mshukiwa leo kwa kuvuka daraja tu.

Vyama vya kutetea maslahi ya polisi, hasa Fraternal Order of Police kilichoasisiwa mwaka 1915, vilishikilia kwamba hali hiyo haikuwa ya haki. Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, watetezi hao waliongeza hoja nyingine. Walidai kwamba nchi ingekuwa salama zaidi iwapo maafisa wenye mafunzo, walio kazini na waliostaafu, wangeruhusiwa kuwa na silaha popote walipo, bila gharama yoyote kwa mlipa kodi.

Mswada huo uliwasilishwa katika Bunge la Wawakilishi na Randy Cunningham wa California, na katika Seneti ukaungwa mkono na Ben Nighthorse Campbell wa Colorado pamoja na Patrick Leahy wa Vermont. Waliopinga hawakuwa wapinzani wa polisi. Chama cha kimataifa cha wakuu wa polisi, IACP, kilionya kwamba mkuu wa polisi wa mji hangeweza tena kudhibiti ni nani anayebeba silaha katika mitaa yake. Seneta Edward Kennedy naye alipinga serikali kuu kuyapokonya majimbo mamlaka hayo. Wote hawakufua dafu.

Sheria ni msumeno. Cunningham, aliyewapigania walinzi wa sheria, alikiri mwaka 2005 kwamba alipokea hongo, na mwaka 2006 akahukumiwa kifungo cha zaidi ya miaka 8.

Nani anastahili?

Sheria hii ina sehemu mbili. Ya kwanza inawahusu maafisa ambao wangali kazini. Ya pili, ambayo ndiyo yenye utata zaidi, inawahusu walioacha kazi. Ili mtu afaidike na sehemu hii ya pili, ni lazima atimize masharti kadhaa kwa pamoja.

Kwanza, awe aliondoka katika idara ya umma akiwa na rekodi njema. Afisa aliyefutwa kwa utovu wa nidhamu hana nafasi hapa. Pili, wakati wa utumishi wake awe alikuwa na mamlaka ya kisheria ya kuzuia, kuchunguza au kushtaki uhalifu, au kuwazuilia wahalifu, na pia mamlaka ya kukamata watu.

Tatu, awe amehudumu kwa jumla ya miaka 10 au zaidi. Miaka hiyo si lazima iwe katika idara moja. Afisa aliyelazimika kuacha kazi mapema kwa sababu ya ulemavu alioupata kazini husamehewa sharti hili, mradi awe amemaliza kipindi chake cha majaribio.

Nne, katika miezi 12 iliyotangulia awe amefaulu mtihani wa kulenga shabaha kwa kiwango kile kile kinachotakiwa kwa maafisa walio kazini. Gharama za mtihani huo huzilipa yeye mwenyewe. Hii ina maana kwamba mstaafu asiyerudi uwanjani kila mwaka kuthibitisha kuwa mkono wake ungali thabiti hupoteza ruhusa yake.

Tano, asiwe ametangazwa rasmi na mtaalamu wa matibabu wa idara yake kuwa hafai kwa sababu za afya ya akili, wala asiwe ametia sahihi makubaliano ya kukiri jambo hilo alipokuwa akiondoka. Sita, asiwe amelewa pombe au dawa nyingine ya kulevya wakati anapobeba silaha. Na mwisho, asiwe miongoni mwa watu waliopigwa marufuku na sheria za serikali kuu kumiliki silaha. Kundi hili linajumuisha waliopatikana na hatia ya makosa makubwa na, tangu mwaka 1996, hata waliopatikana na hatia ya makosa madogo ya kuwapiga wake, waume au jamaa zao wa nyumbani.

Masharti haya hayakuwa hivi tangu mwanzo. Sheria ya 2004 ilidai miaka 15 ya utumishi, na ilimtaka mtu awe amestaafu kikamilifu na kuwa na haki ya kupata marupurupu ya uzeeni. Mnamo Oktoba 2010, Rais Barack Obama alitia sahihi marekebisho yaliyopunguza miaka hiyo hadi 10. Neno kustaafu nalo likabadilishwa likawa kuacha kazi. Tofauti ni kubwa. Afisa anayeondoka akiwa na umri wa miaka 35 ili kufanya biashara au kusomea sheria anaweza sasa kuhesabiwa, ilhali hapo awali angeachwa nje. Mwanzoni mwa 2013, sheria nyingine iliwaingiza polisi wa kijeshi na maafisa wa kiraia wanaolinda sheria katika Wizara ya Ulinzi.

Kadi yenyewe

Kutimiza masharti hayo yote hakutoshi. Ni lazima mhusika awe na thibitisho mwilini mwake kila anapobeba bastola. Sheria inatambua njia mbili.

Njia ya kwanza ni kadi moja yenye picha iliyotolewa na idara aliyoitumikia, inayosema kwamba aliwahi kuwa afisa wa kulinda sheria na kwamba katika muda wa mwaka mmoja uliopita idara hiyo imempima na kuthibitisha kuwa amefuzu kutumia aina ya silaha aliyo nayo.

Njia ya pili ni nyaraka mbili zinazoandamana: kadi ya picha kutoka kwa idara yake ya zamani, na cheti cha kufuzu kulenga shabaha kutoka kwa jimbo analoishi au kwa mkufunzi aliyeidhinishwa kuwapima maafisa wa jimbo hilo. Njia hii humsaidia mtu aliyefanya kazi Chicago akahamia Florida uzeeni. Hahitaji kusafiri kila mwaka kurudi alikotoka. Anatafuta mkufunzi karibu na nyumbani.

Msomaji makini atagundua kwamba katika njia zote mbili kuna kitu kimoja kisichoepukika, nacho ni kadi ya picha kutoka kwa mwajiri wa zamani. Mkufunzi hawezi kuitoa. Jimbo jipya haliwezi kuitoa. Mtu binafsi hawezi kujitengenezea. Ni idara ile ile tu, na hapo ndipo mzozo unapoanzia, kwa kuwa sheria haisemi waziwazi kwamba idara inalazimika kuitoa.

Kuna idara ambazo huwapa wastaafu wao kadi hiyo kama desturi. Nyingine husita zikihofia kushtakiwa endapo mstaafu atampiga mtu risasi kimakosa. Afisa aliyeondoka kwa ugomvi na wakubwa wake huenda akajikuta hana kadi ingawa hakuwahi kupatikana na kosa lolote.

Mahakama zasemaje?

Waliokuwa maafisa wa magereza mjini Washington ni miongoni mwa waliokwenda mahakamani. Walitaka utawala wa mji huo uthibitishe kwamba walikuwa na mamlaka ya kukamata watu walipokuwa kazini. Utawala ulikataa ukisema hawakuwa maafisa wa kulinda sheria. Mwaka 2016, mahakama ya rufaa ya mji huo mkuu iliamua kwamba sheria ya 2004 inaunda haki ambayo mtu binafsi anaweza kuidai mbele ya jaji.

Lakini mwaka 2019, mahakama ya rufaa yenye makao yake Atlanta, ikishughulikia kesi kutoka mji mmoja wa Florida, ilisema kwamba sheria haiilazimishi idara kumpa kadi mtu aliyewahi kuifanyia kazi. Kwa maneno mengine, mwenye kadi analindwa dhidi ya kushtakiwa, lakini asiyekuwa nayo hawezi kuitumia sheria hii kumshurutisha mwajiri wake wa zamani ampe.

Kesi iliyotikisa zaidi ilitoka New Jersey. Jimbo hilo lilikuwa na leseni yake maalum kwa polisi wastaafu. Mwombaji alitakiwa kuomba upya kila mwaka, kufanya mtihani wa shabaha mara mbili kwa mwaka, na kuwa na umri usiozidi miaka 75. Aidha, jimbo lilikataza risasi ambazo ncha yake ina shimo na ambazo hupanuka zinapogonga mwili. Vyama vya maafisa vilishtaki, na mnamo Februari 2024 mahakama ya rufaa yenye makao yake Philadelphia iliamua kwamba aliyetimiza masharti ya sheria ya taifa hahitaji leseni hiyo ya jimbo, na kwamba marufuku ya risasi hizo haimhusu.

Uamuzi huo ulikuwa ushindi kwa wastaafu. Hata hivyo, ulifichua pengo. Sheria ya taifa haina kikomo cha umri. Haimtaki mstaafu apimwe na daktari kila mwaka. Kifungu kinachohusu afya ya akili kinatazama uamuzi wa mtaalamu wa ile idara aliyoitumikia. Ikiwa kumbukumbu za mzee zitaanza kupotea miaka 15 baada ya kuondoka, mtihani wa shabaha ndio pekee unaosimama kati yake na ruhusa ya kubeba bastola. Mtu anaweza kulenga karatasi vizuri asubuhi na bado akashindwa kumtambua jirani yake jioni.

Kifungu hicho kina makali upande wa pili pia. Afisa aliyetazama maiti za watoto kwa miaka mingi na ambaye anahitaji msaada anajua kwamba uamuzi wa daktari wa idara unaweza kumnyima kadi maisha yake yote. Ni rahisi kuelewa kwa nini baadhi yao wanaweza kuona heri wanyamaze.

Kadi haimfanyi polisi tena

Kosa la kawaida ni kudhani kwamba kadi hii humrudishia mstaafu mamlaka yake ya zamani. Sivyo. Haimpi uwezo wa kukamata mtu, kusimamisha gari wala kupekua nyumba. Mbele ya sheria yeye ni raia. Kitu pekee anachopata ni kinga dhidi ya sheria za majimbo na miji zinazokataza kubeba silaha iliyofichwa.

Kinga hiyo nayo ina mipaka. Haihusu bunduki za rashasha, vifaa vya kuzima mlio wa risasi wala vilipuzi. Majimbo yanaweza kuendelea kukataza silaha katika majengo, ofisi na bustani zao. Mwenye duka, kanisa au ukumbi anaweza kukataza silaha kwenye ardhi yake iwapo sheria ya jimbo inamruhusu. Zaidi ya hayo, sheria hii inashinda sheria za majimbo tu, si zile za serikali kuu. Mstaafu hawezi kuingia na bastola katika ndege au katika mahakama ya serikali kuu kwa kuonyesha kadi. Na akivuka mpaka kuingia Kanada au Mexico, kadi hiyo haina thamani yoyote.

Hatari nyingine ni kutotambuliwa. Mnamo Mei 2009, afisa kijana wa polisi wa New York aliyekuwa nje ya zamu, akiwa na nguo za kiraia na bastola mkononi, alimkimbiza mtu aliyevunja gari lake katika mtaa wa Harlem. Afisa mwenzake alimdhania mhalifu na kumpiga risasi akafa. Jopo lililoundwa na gavana wa jimbo hilo lilieleza katika ripoti yake ya 2010 kwamba wengi wa maafisa waliouawa namna hiyo wakiwa nje ya zamu walikuwa weusi au wenye asili ya Amerika ya Kusini. Ikiwa hayo yanampata aliye kazini, mstaafu ambaye polisi wa leo hawamjui hata kwa sura ana sababu zaidi ya kujihadhari. Kadi iliyo mfukoni haionekani gizani.

Matukio yenyewe hayatoi jibu jepesi. Mnamo Mei 2022, polisi mstaafu aliyekuwa mlinzi wa duka la vyakula mjini Buffalo alimfyatulia risasi mtu mwenye chuki za rangi aliyevamia duka hilo. Mvamizi alikuwa amevaa vazi la kuzuia risasi, na mlinzi huyo akauawa pamoja na watu wengine 9. Anakumbukwa kama shujaa. Kwa upande mwingine, Januari 2014, aliyekuwa kapteni wa polisi wa Tampa alimuua mtu kwa bastola ndani ya ukumbi wa sinema huko Florida baada ya ugomvi ulioanzia kwenye simu ya mkononi. Mwaka 2022 baraza la waamuzi lilikubali kwamba alikuwa akijitetea. Hakuna lolote kati ya matukio hayo lililoamuliwa kwa sheria ya 2004, lakini yote mawili hutajwa kila panapozuka mjadala kuhusu wastaafu na silaha.

Mambo yanaelekea wapi?

Mnamo Juni 2022, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua katika kesi kutoka New York kwamba raia wa kawaida ana haki ya kikatiba ya kubeba bastola nje ya nyumba yake kwa kujilinda. Baadhi ya watu walidhani uamuzi huo umeifanya kadi ya mstaafu kuwa kitu cha zamani. Haikuwa hivyo. Majimbo bado yanaweza kudai leseni, na uamuzi huo haukuyalazimisha kutambua leseni za majirani zao. Kwa anayesafiri kutoka jimbo hadi jimbo, kadi ya idara ingali na faida ambayo raia mwingine hana.

Mnamo Mei 2024, Bunge la Wawakilishi lilipitisha mswada wa kupanua sheria hii ili wenye kadi waruhusiwe katika maeneo yaliyo karibu na shule, katika bustani za umma na katika baadhi ya majengo ya serikali kuu. Mswada huo ulitaka pia majimbo yaruhusiwe kupunguza idadi ya mitihani ya shabaha. Muhula wa Bunge hilo ulimalizika kabla ya mswada huo kuwa sheria.

Kwa msomaji wa Kenya, mfumo huu huenda ukaonekana wa ajabu. Hapa nyumbani, afisa anapoondoka kazini hurudisha silaha ya serikali, na akitaka bastola yake mwenyewe sharti aombe leseni chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, kama raia mwingine yeyote. Miaka yake ya utumishi haimpi kibali chenyewe. Na mnamo Desemba 2018, serikali iliwaagiza raia wote wenye leseni wajitokeze kukaguliwa upya.

Hata hivyo, swali lililo nyuma ya kadi ya Marekani ni letu pia. Taifa lina deni gani kwa mtu lililemtuma kuwakabili wahalifu, pindi anapovua sare? Anayemnyima ulinzi anamwacha peke yake mbele ya maadui aliowapata akitumikia wengine. Anayempa silaha bila kumpima daima anawaweka majirani zake hatarini. Marekani imejaribu kulijibu kwa miaka 10 ya utumishi, mtihani mmoja kwa mwaka na kadi yenye picha. Mawili ya kwanza mstaafu anaweza kuyatimiza kwa juhudi zake. La tatu limo mikononi mwa mwajiri wake wa zamani, na ndiyo sababu afisa anayekaribia kuondoka hufanya vyema kuuliza kuhusu kadi hiyo kabla ya kurudisha funguo za ofisi.